Sakafu ya Tata na Mashine ya Baba

Karakana ya baba yangu ilinukia mandazi. Najua ukisikia karakana unatarajia harufu ya grisi na chuma, na hizo zilikuwepo, lakini iliyokupokea mlangoni kabla hujaona kitu ilikuwa ya mandazi. Mama alikuwa akiwapikia madereva wa malori pale Malaba, na mafuta yaliyokaanga mpaka yakawa meusi hakuyamwaga. Aliyachuja kwa kitambaa, akayatia kwenye kidumu na kurudi nayo nyumbani kwetu Amukura, na Baba akawa anayadondosha juu ya chuma wakati kisu cha mashine kinakata, ili chuma kisipate moto. Moshi mweupe ulipanda, na mimi, mtoto wa miaka kumi na mmoja, nilihisi njaa. Mpaka leo nikipita mahali mtu anakaanga mandazi, masikio yangu hutafuta mlio wa chuma.

Nataka kusimulia Desemba moja tu. Kabla ya Desemba hiyo Baba alikuwa amefanya kazi Nairobi miaka tisa, kwenye karakana ya watu, na mimi nilimjua kama mgeni wa Krismasi. Alikuja na mkate mrefu na viatu ambavyo havikunitosha hata mara moja, kwa sababu alivinunua akikumbuka mguu wa mwaka jana. Sikumwambia vinabana. Nilivivaa kanisani, nikarudi nachechemea, halafu Mama akavigawa kwa binti wa jirani. Mwaka huo Baba alifika mapema, na siku ya pili, tukiwa tunakula, akatangaza kwamba anataka kujaribu kufungua karakana yake hapa nyumbani. Tajiri wake alikuwa amemwekea nafasi mpaka shule zifunguliwe Januari. "Kazi ikishika, nabaki," alisema. "Isiposhika, narudi." Nyuma ya mlango, kwenye msumari, lilining'inia begi lake la kijani, na nguo zake zilikuwa bado ndani, zimekunjwa. Nililichukia lile begi, jamani! Kila asubuhi kitu cha kwanza kilikuwa kuchungulia kama lipo, na nikilikuta lipo nilifurahi kwamba hajaondoka, kisha nikakasirika kwamba bado limejaa.

Mpango wa Baba ulikuwa mzuri, nami nilikuwa upande wake tangu mwanzo. Huku kwetu, kutoka Kocholia mpaka Matayos, hakuna soko lisilo na kinu cha kusaga mahindi, na hakuna kinu kisichoharibika. Kinachosumbua sana ni shafti, ile nondo nene inayobeba puli, gurudumu linalozungushwa na mkanda. Juu yake huchongwa mfereji mdogo, urefu wa kidole, na ndani ya mfereji hukaa kabari ya chuma inayoishika puli isiteleze. Kuuchonga mfereji huo kwa patasi na tupa ni kazi ya kutwa nzima, na mkono ukiteleza mara moja umeharibu. Wenye vinu walikuwa wakifunga shafti ndani ya gunia na kuipeleka Kisumu, na huko nyuma wateja wao wanakula viazi vitamu wiki nzima, wapende wasipende. Baba alitaka mashine ndogo ya kuchonga chuma, moja tu, ya kuwekwa nyumbani. Habari zilienea. Kwa kuwa kijijini ukisema mashine ni ya kusaga basi, jirani yetu mmoja alileta debe la mahindi akaliacha mlangoni ili awe wa kwanza.

Tulikwenda Malaba kuichagua, Baba, Mama na mimi. Mimi nilichukuliwa kwa sababu nililia, tuseme ukweli. Nyuma ya maegesho ya malori kulikuwa na mfanyabiashara kutoka ng'ambo ya mpaka, mtu mnene mwenye sauti laini, na uani kwake zilikaa mashine mbili za kuchonga. Moja ilikuwa mpya, ya bluu, inang'aa. Nyingine ilikuwa nyeusi, nzee, rangi imebambuka, imetoka katika karakana ya mtu huko Tororo. "Ssebo, chukua hii ya bluu," alisema, akimwita Baba bwana kwa lugha ya kwao. "Mpya! Hata mtu hajaigusa." Baba aliwaomba vijana wawili waiinue, nao wakaiinua bila hata kukunja uso. "Hii ikigusa chuma itarukaruka," Baba alisema, akaigeuzia mgongo. Kwa ile nyeusi alikaa karibu saa nzima. Aliishika meza yake kwa mikono miwili akaitikisa kwa nguvu, huku ameniwekea kidole changu penye ufa kati ya meza na kitako chake. "Unasikia kitu kinacheza?" Nikasema hapana. Alizungusha gurudumu la mkono kwenda, kisha akalirudisha polepole, akiangalia litazunguka kiasi gani kabla meza haijaanza kurudi. Alipima urefu wa meza kwa shubiri, aone kama shafti ya kinu italala juu yake. Aliuliza kama mota inakubali umeme wa nyumbani, maana kwetu hakuna umeme wa kiwanda, akataka iwashwe, akainamisha kichwa kusikiliza. Mama alikuwa na swali moja tu: kwa nini mwenyewe aliiuza? "Bambi, nnyabo, alikufa," yule mtu akamjibu Mama kwa huruma. "Basi aliyeharibika ni mwenyewe, si mashine," Mama akasema. "Tuichukue." Akiba yote ya miaka tisa ikabaki pale uani.

Sasa niwaambie kuhusu sakafu, kwa sababu mambo yote yaliharibikia hapo. Chumba tulichokuwa tukiwekea mahindi ndicho kilichogeuzwa karakana, na Baba aliagiza simenti na kokoto ili mashine isimame mahali pagumu. Siku ya kumwaga zege alitokea Tata. Sisi Wateso nyanya humwita Tata, na huyu alikuwa mama yake Baba, mfupi, mkali, fundi wa kusiriba sakafu aliyeitwa mpaka vijiji vya mbali kukiwa na harusi. Alimtazama mwashi akipitisha mwiko, akashindwa kuvumilia. "Huyu anasawazisha ama anapangusa meza?" Alimsukuma kando, akapiga magoti na jiwe lake laini la mtoni, na mpaka saa tisa alasiri alikuwa ameimaliza sakafu nzima peke yake. Iling'aa. Baba alimshukuru, na Tata akasema tusimshukuru, tuikanyage tu kwa heshima. Tuliilowesha kwa magunia wiki nzima, kisha majirani wakaiviringisha mashine juu ya vipande vya bomba mpaka ndani, ubavu wake mmoja ukielekea mlangoni, na Baba akaifunga sakafuni kwa bolti nne.

Mteja wa kwanza alikuwa Mama Nekesa wa Matayos, mwenye kinu na mwenye maneno. Alileta shafti mpya isiyo na mfereji, akasimama mlangoni mikono kiunoni kama askari. Baba hakuwa na vile vipimo vizuri vya Nairobi, kwa hiyo aliazima pima maji ya mwashi, ile yenye povu. Alilaza shafti mezani, akaweka pima maji juu yake, povu likakimbilia upande mmoja. "Meza imechakaa kidogo," alisema. "Si neno." Akaweka kipande cha bati chini ya ncha moja mpaka povu likatulia katikati, akakaza, akawasha. Mandazi yakanukia. Kile kisu chenye meno kilikula chuma kama mtu anayetafuna muwa, na kwa muda mfupi mfereji ukawa tayari, umenyooka, unapendeza. Mama Nekesa aliondoka anaimba. Mimi nilikwenda nyuma ya mlango nikalisukuma begi kwa kidole, nikaliambia, umekwisha wewe.

Baada ya siku mbili alirudi, haimbi. Aliitupa shafti chini. "Fundi, hii ni shafti ama mguu wa kuku? Puli inacheza chakacha! Mkanda umeruka mara tatu, na watu wamejaa na debe zao wananicheka mimi." Baba aliiokota, akaingiza kabari kwenye mfereji. Upande mmoja ilibana sawasawa. Upande wa pili ililegea, kwa sababu mfereji ulikuwa umezama zaidi huko. Alichonga mwingine kwenye kipande cha chuma chakavu, ukatoka vilevile. Akachonga wa tatu. Vilevile.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya. Baba aliifungua mashine yote, akaipangua juu ya magunia, akaisafisha kwa mafuta ya taa, akairudisha, na bado mfereji ulizama upande mmoja. Aliacha kula vizuri. Nilimsikia akimwambia Mama kwamba alidanganywa na macho yake, kwamba pengine ile ya bluu ndiyo ilikuwa mashine, na yeye kwa kiburi chake akanunua chuma chakavu cha marehemu. Mama akamwambia ajaribu tena. "Nijaribu nini?" Baba akafoka. Shule zilikuwa zimebakiza siku nne zifunguliwe. Asubuhi moja nikachungulia nyuma ya mlango nikaona begi limefunguliwa na shati lililofuliwa limewekwa juu.

Nilichofanya siku hiyo sikukifanya kwa akili, nilikifanya kwa kununa. Nilikuwa na gololi tatu za beringi, Baba alinipa mwenyewe, na alikuwa amenikataza kuchezea karakanani asije akazikanyaga. Nikaenda kuchezea hapo hapo, nipigwe basi. Ila sakafu ile nilikuwa naijua. Ukiweka gololi popote, haitulii. Inajifikiria kidogo, kisha inaondoka yenyewe kwenda mlangoni. Ndiyo maana nilipenda kucheza pale, sikuhitaji hata kuzisukuma. Moja ilipita katikati ya miguu ya Baba, aliyekuwa ameketi kwenye kigoda ameshika tama. Aliitazama. Nikajikunja, nikingoja kofi. Akaniambia, "Irudishe." Nikairudisha, ikaondoka tena. "Tena." Akapiga magoti, akaiweka yeye mwenyewe karibu na mguu wa mashine, shavu lake likigusa simenti, akaifuata kwa macho mpaka ikatoka nje. Kisha akapaza sauti hata kuku wakatawanyika: "Mama! Mama, njoo hapa! Sakafu hii uliiinamisha?"

Tata alikuja na kisu cha kumenyea mihogo mkononi, amekasirika tayari. "Sasa ulitaka niiinamishe upande gani? Ukutani? Hapa mtamwaga maji, mtaosha, yatatokea wapi?" Nyumba zote alizosiriba maisha yake yote ziliinama kidogo kuelekea mlangoni, kiasi ambacho jicho halioni lakini maji yanajua. Kila mwanamke wa kwetu hufanya hivyo. Baba alizaliwa juu ya sakafu ya namna hiyo, akatambaa juu yake, akaifagia, lakini miaka tisa alikuwa amesimama kwenye sakafu za viwandani zilizolala sawa, akasahau. Meza haikuwa imechakaa hata kidogo. Ilikuwa inateremka pamoja na sakafu, na yeye alipoinyoosha shafti kwa pima maji aliitenganisha na njia ya meza, kisu kikawa kinazama zaidi kadiri kinavyosonga. Alicheka, Baba. Alicheka mpaka akamshika Tata mabegani, na Tata akamwambia aache upuuzi, atamchoma na kisu.

Sakafu hatukuivunja, nani angethubutu? Baba alilegeza zile bolti, akakata vipande vya bati, akaviingiza chini ya miguu ya upande wa mlango kimoja kimoja, huku mimi nimeshikilia pima maji juu ya meza nikitangaza povu liko wapi. "Bado. Bado kidogo. Limepita! Rudisha!" Povu lilipotulia kwa urefu na kwa upana, alikaza bolti polepole, akahakikisha halijasogea, akaigeuza ile shafti upande usiochongwa, akailaza moja kwa moja mezani bila kitu chini yake. Mama Nekesa aliitwa aje aone kwa macho yake. Baba alipomaliza kuchonga alimpa kabari aingize mwenyewe. Aliisukuma kwa kidole gumba, ikaingia kwa shida, imebana mwanzo hadi mwisho. Aliitikisa. Akaitikisa tena, akitafuta kosa. "Haya," alisema. "Nina dada yangu Kocholia, naye ana kinu."

Jioni hiyo Mama aliingia karakanani na ufagio. Alizoa vijipande vyote vya chuma, vile vinavyojikunja na kukata mkono, akavijaza ndani ya begi la kijani. Nguo alikuwa amekwisha kuzitoa na kuzitundika. "Begi langu!" Baba akalalamika. "Lipi?" Mama akauliza, akaendelea kuzoa. Vile vyuma vililitoboa kila upande ndani ya wiki moja. Shule zilipofunguliwa, Baba alinipeleka sokoni Amukura kununua viatu. Alipiga magoti mavumbini mbele yangu, akabonyeza ncha ya kiatu kwa kidole gumba, akauliza, "Hapa je, pananibania mtoto?" Ni viatu vyangu vya kwanza kutoka kwake ambavyo havikugawiwa mtu.

Leo mimi ndiye fundi, na karakana yangu iko nyuma ya nyumba yangu mjini Busia. Mwezi uliopita nilinunua mashine yangu mwenyewe ya kuchonga, ndogo, yenye kioo kinachoonyesha vipimo kwa tarakimu. Vijana walionimwagia sakafu walikuja na taa nyekundu ya kupimia, wakaisawazisha hata ukipima hupati kosa, kitu ambacho Baba angekilipia kwa machozi Desemba ile. Nilimwita aje aione. Nywele zake zimekuwa nyeupe, na Tata tulimzika zamani. Aliitikisa meza kwa mikono miwili, akatikisa kichwa kukubali, kisha akatoa gololi mfukoni na kuiweka sakafuni. Ilikaa pale pale. Nilijivuna, siwafichi. Baba aliitazama, akageuka kuutazama mlango, akaniuliza:

"Na maji je, yatatokea wapi?"