Luhende alivyotusingizia wizi wa ng'ombe tulipokwenda kuangalia ndege

Wakuu, za jioni. Shule niliishia la nne, herufi zikiruka mnivumilie. Ila hili lilinipata mwenyewe, sijatia chumvi, na aliyenifanyia namtaja jina.

Anaitwa Luhende, wa Ngokolo, Shinyanga mjini. Kama yumo humu ajitokeze.

Ilikuwa miaka ya themanini, sungusungu, wale walinzi wa jadi wa vijijini, ndio wamepamba moto dhidi ya wezi wa ng'ombe. Mimi nilikuwa kuli kwenye duka la Mhindi mmoja, Bwana Amirali. Luhende alikuwa dereva wake.

Bwana Amirali alikuwa na ugonjwa wa ndege. Si wa kufuga wala wa kula. Wa kuangalia tu! Siku duka limefungwa, darubini shingoni, tunazunguka mabwawa na malambo.

Sasa akasikia kwamba kwenye bwawa moja mbele ya Segese, upande wa Geita, kaonekana korongo mwenye mdomo kama kiatu. Ndege adimu, hajawahi kumwona. Tukaondoka na pikapu, chapati na chai ya tangawizi. Raha tupu.

Tulipofika bwawani tukalala kifudifudi kwenye majani. Yangeyange kibao, bata maji kibao, mwenye kiatu hayupo. Ng'ambo ng'ombe wanakunywa maji.

Luhende akaenda kichakani kujisaidia. Mara tukasikia anapiga mwano!

Kwa msiokaa usukumani: mwano ni yowe la hatari. Ukisikika, kila mwanaume anatupa jembe anakuja na silaha, na kijiji cha jirani kinadakia yowe. Ole wako uupige bure.

Kumbe aliona watu wawili wenye pinde, akadhani wezi. Wale walikuwa sungusungu wenyewe, wako doria!

Watu wakajaa na mishale. "Wezi wako wapi?" Luhende akajua amekwisha.

Wakuu, yule mtu akanyoosha kidole akatuonyesha SISI.

Tukakalishwa chini, mikono kichwani. Akaja kiongozi wao, wanamwita ntemi, mzee mfupi kavaa koti zito kwenye jua lile.

"Mnachungulia ng'ombe wetu kwa dude hilo?"

"Shikamoo mzee," akasema Bwana Amirali. "Nimekuja kuangalia ndege."

"Marahaba. Ukishamwangalia?"

"Narudi nyumbani."

Wakacheka, lakini kile kicheko hakikuwa cha heri. Mmoja akasema, "Hata wezi wa juzi walidanganya vizuri kuliko huyu!"

Ntemi akaamua: "Basi tuonyeshe huyo ndege. Asipokuja, ndege mtakuwa nyinyi."

Na kelele zile zilikuwa zimefukuza hata vyura! Ntemi akaamuru watu wote walale kimya. Jeshi zima la sungusungu, tumbo chini, hakohoi mtu. Kila kundi la kijiji kingine likifika na mayowe, linapokewa kwa hasira: "Shiii! Laleni, tunangoja ndege!"

Mimi niliomba kwa Mungu wa kanisani na mizimu ya kwetu, atakayewahi ndiye huyo huyo.

Akaja. Mkubwa, wa kijivu, mdomo kama buti la mgambo. Akatua kwenye matete, akatukodolea macho kama hakimu. Bwana Amirali machozi yakamtoka, sijui ya ndege, sijui ya uhai.

Ntemi akashika darubini, akaangalia weee.

"Mayu, mama yangu! Huyu hata akiibiwa, hatumfuati."

Bwawa zima likacheka, ndege akaruka. Waliokuwa nyuma wakalalamika hawajaona!

Tukawa wageni. Ugali wa mtama, maziwa ya mgando, na Bwana Amirali anafundisha watu kushika darubini. Luhende, kwa mwano wake wa bure, akaamriwa kuwachotea maji wote waliokimbia kuja. Alichota hadi shingo ikapinda. Sitasahau utamu wa maziwa yale nikimtazama.

Mnadhani alitubu? Juzi nimemkuta msibani anawasimulia vijana jinsi ALIVYOTUOKOA kutoka kwa wezi. Na vijana wanamwita shujaa!

Funzo: ukienda kuchungulia ndege penye ng'ombe wa watu, anza kwa mwenyekiti wa kijiji, piga hodi. Na ukisafiri na mwoga, hakikisha ana mbio nyingi kuliko maneno.

Haya, wa Shinyanga na Geita, nani mwingine kasingiziwa na mtu aliyekula naye chapati? Watetezi wa Luhende nao waje, nipo macho.