Upepo Aliouficha Waridi

Mjini Kasongo, Waridi huziba mipira ya baiskeli za wanaosukuma mizigo kwenda Salamabila. Hakuna tundu lililowahi kumshinda. Tumbo lake ndilo lililomshinda, jamani, miaka tisa: kila mwezi maumivu, na kwenda chooni ni kilio.

Huko Bukavu, daktari Mathilde alimweleza. Nyama inayofanana na ile ya ndani ya mji wa mimba imeota nje yake, ikazama kwenye ukuta wa utumbo. Njia ni tatu. Kuikwangua: hatari ndogo, ila mabaki huweza kubaki. Kukata kiduara na kushona. Au kuondoa kipande kizima na kuunga ncha mbili. Hapo mshono huvuja kwa urahisi zaidi, na pengine ubebe mfuko wa choo tumboni kwa miezi.

"Mukate yote, tumalize," alisema Bi Soraya, mama mkwe aliyemsindikiza.

"Mama, mutu hakati mupira muzima sababu ya musumari moja," alijibu Waridi. "Daktari, ukubwa gani?"

"Sentimita mbili. Iko moja tu, lakini imeingia ndani."

"Basi kukwangua kutaacha mizizi. Kata kiduara. Ukikuta mabaya zaidi, fanya unavyoona."

"Hata mimi ningechagua hiyo," alisema daktari.

Alipozinduka baada ya upasuaji alipapasa tumbo. Hakuna mfuko. Kilichobaki ni kujua kama utumbo umeamka, na dalili yake ni upepo kutoka njia ya haja kubwa. Bila upepo, hakuna uji.

Kila asubuhi muuguzi Dominique akauliza, na Waridi akatazama ukuta. "Bado."

Siku ya tatu daktari alikunja uso, akataja kumrudisha kwenye upasuaji. Kumbe upepo ulikuwa umetoka tangu jana. Lakini kwao mke hataji jambo kama hilo mbele ya mama mkwe, afadhali njaa.

Bi Soraya akaweka tasbihi chini. "Daktari, huyu anadanganya. Upepo ilitoka mara ine. Niko nalala kwa mukeka pembeni ya kitanda yake, siko kiziwi."

Waridi akajifunika shuka. "Mama, ulisikia?"

"Nikamushukuru Mungu kimya kimya. Nilingoja useme mwenyewe. Hata mimi niko na haya."

Daktari alicheka hadi akashika ukuta. Uji ukaja. Waridi akaunywa wote, mgongo amempa mkwewe, naye mkwewe akamwambia Dominique aongeze kikombe.