Sabuni Inayolambwa Kwanza

Saa moja na nusu asubuhi, mkemia wa kiwanda cha sabuni anatoa ulimi kama mtoto mbele ya daktari. Anaugusisha kwenye kipande cha sabuni kilichopoa, anafumba macho, anahesabu hadi tano. Wenzake sita wamesimama kando ya pipa la kupikia, na hakuna anayecheka.

"Sisikii kitu," anasema. "Mzee, njoo na wewe."

Hili ni jaribio la tatu, na meneja ameshasema ndilo la mwisho. Sabuni mpya ya mche ikishindwa, pipa linarudi kupika ile ya zamani, inayotakatisha shuka na kuchubua mikono ya anayelifua.

Mzee anayeitwa ni mpishi wa sabuni mwenye miaka thelathini na mmoja kazini. Hapa wanamwita Ulimi. Mkemia mwenyewe, mama wa miaka arobaini na minne, wamempa jina la Mama Povu, naye huitika bila kinyongo.

"Nilikuja hapa na shahada yangu na mdomo wangu," anakiri huku akicheka.

Katika jaribio la kwanza, mashine ya maabara ilisema sabuni ni salama. Ulimi akailamba, akatema, akasema inauma, soda kali ya kupikia imezidi. Mkemia akamjibu kwa adabu kwamba sayansi hailambi. Wakakata miche mia nane.

Jioni ile mkemia alifua kwa sabuni yake mwenyewe, na asubuhi akaja kazini mikono imemwiva. Alipokagua mashine, alikuta ncha yake ya kupimia imegandiwa na mafuta. Alikuwa amesahau kuisafisha.

"Nikaenda kumwomba mzee radhi. Akaniambia, 'Mwanangu, mimi ulimi wangu naupiga mswaki kila siku.'"

Tangu hapo, kila sabuni hupita kwa mashine, kisha kwa ulimi. Ya pili haikuuma hata kidogo, ila iliyeyuka ndani ya ndoo kabla shuka moja halijaisha.

Ukaidi huu wote una mwenyewe. Mama mzazi wa mkemia alilea watoto wanne kwa kufua nguo za watu. Miaka miwili iliyopita alikwenda kujiandikisha kupata kitambulisho, mashine ya alama za vidole ikamkataa mara saba. Ngozi ya vidole ilikuwa imelika, haina mstari hata mmoja.

"Kijana wa pale akamshika mkono, akamkandamizia vidole kwenye mashine, akamwambia, 'Mama, huna vidole.' Mama akamwonyesha vyote kumi," anasimulia. "Watu wakacheka, naye akacheka nao. Kufika nyumbani akalia. Mimi nilishikwa na hasira, kwa sababu vile vidole ndivyo vilivyonisomesha kemia."

Kando ya pipa, Ulimi amelamba mara moja, amelamba tena. Meneja ameingia na anauliza kulikoni.

"Subiri, bosi. Ulimi haukimbizwi."

Kisha mzee anageuka. "Hii ningeilamba mpaka saa ya chai."

Mche mwingine umelala ndani ya ndoo tangu jana. Meneja anautoa, anaubonyeza kwa kidole gumba, haupotezi umbo. Anaurudisha ndooni na kusema, "Pikeni." Mama Povu anakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa na kujifuta macho kwa mkono wa koti.

Mche wa kwanza ni wa mama yake, ambaye ameshaambiwa apumzike na bado anafua. Ngozi hurudi ikiacha kuunguzwa, anasema mkemia, na daktari amewapa matumaini hayo. Baada ya miezi sita anataka kumrudisha kwenye ofisi ile ile ya vitambulisho.

Anampigia simu palepale, sauti wazi ili wote wasikie.

"Nitakwenda," mama anajibu. "Ila kidole nitabonyeza mwenyewe. Asinishike mkono mtu."