Jina Alilotaka Lichapwe

Kiangazi kile nilikuwa na miaka kumi na sita, na Jumamosi zake zote zimeungana kichwani mwangu zikawa siku moja ndefu. Basi linanitoa South End, mtaa wetu huku ughaibuni, nikiwa nusu usingizini, kisha chumba cheupe chenye mwanga mwingi, vijana weusi na watoto wa wakimbizi tukijifunza uandishi wa habari, wenzetu wa miji ya Columbus na Buffalo wakituchungulia kwenye skrini. Nilijiona mwandishi tayari. Maringo nilikuwa nayo, sikatai.

Makala yangu ya kumalizia mafunzo ilimhusu jirani yetu, Mrundi kama sisi, aliyetulea mama alipokuwa kwenye shifti ghalani. Mwalimu aliisoma, akatabasamu, akauliza, "Anaitwa nani huyu mama?"

Nikamtajia lile tulilomwita, la mama fulani. Akasema hilo ni jina la mtoto wake. Lake mwenyewe je? Sikulijua. Tangu kambini Tanzania tulimwita mama wa binti yake, kama wanavyoitwa wazazi wote kwetu, na kumuuliza mtu mzima jina lake ni kukosa adabu. Mwalimu hakuwa mkali. Alisema tu kwamba bila jina la kwenye kitambulisho makala haitoki, na gazeti la mafunzo lingeacha kupokea makala kesho yake jioni.

Jumapili baada ya ibada nikaenda kwake. Alikuwa akichambua maharage, jua la dirishani limemwangukia mapajani, na nyumba imetulia hivi kwamba nilitamani nisiulize kitu. Nilipouliza, mikono yake ilisimama. Alinitajia jina lake polepole, kama anayejaribu kiatu cha zamani.

"Lakini usiandike hilo," alisema. "Andika lile mnaloniita. Binti yangu alifia kambini kabla hatujapigwa picha za karatasi za safari ya kuja huku. Jina lake halimo kwenye karatasi yoyote, mwanangu. Hilo tu nakuomba."

"Sawa, mama," nikamjibu, na nilimaanisha kabisa.

Ningeweza kumweleza mwalimu. Najua sasa kwamba angelitafutia nafasi jina lile. Lakini niliogopa makala yangu isitoke, basi jioni hiyo nikajaza jina la kitambulisho, nikaituma, nikanyamaza. Naona aibu mpaka leo.

Gazeti lilipotoka nilimpelekea. Hakujua kusoma, kwa hiyo nikamsomea kwa Kiswahili, na kila nilipofika penye jina lake nikatamka lile la binti yake. Alisikiliza amefumba macho, midomo ikicheza kidogo. Nilipomaliza akasema, "Nionyeshe lilipo."

Nikashika kidole chake, nikakiweka juu ya jina langu la mwandishi, chini ya kichwa cha habari, kwani la binti yake halikuwamo. Akalipapasa mara mbili tatu, taratibu, akaniuliza kama anaruhusiwa kubaki na gazeti.