Kadi Aliyoing'oa Kaka

Kaka yangu alinambia, "Kadi ya grafiki ni ya picha. Diski zako zina haja gani nayo?" Aliing'oa kwenye kompyuta yangu mie nikiwa harusini Jego, akaipeleka Diani kwenye chumba chake cha gemu. Hakuniomba. Sijamsamehe, na wala msinisihi.

Kazi yangu ni kupiga video za sherehe za wanawake. Mwanamume haingii, na video haitoki nje, kwa hiyo siweki kitu mtandaoni. Nikishaingiza picha kwenye kompyuta ya dukani, Ukunda, mama wa bibi harusi hunisimamia hadi nifute memori za kamera mbele ya macho yake. Zinabaki diski zangu tano tu. Pamoja na picha, zinaweka hesabu za akiba, ili moja ikifa, nne zilizobaki zikokotoe upya kilichokuwamo. Hesabu hizo ni nyingi ajabu, na kadi ya grafiki huzifanya nyingi kwa mpigo. Ikiwepo, diski mpya inajaa kabla ya alasiri. Isipokuwepo, siku tatu.

Diski moja ikafa. Nikatia mpya, nikampigia kaka anirudishie kadi.

"Kesho, dada. Leo kuna mashindano."

Mashindano! Siku ya pili, hesabu haijafika nusu, diski nyingine ikakwaruza, ikakata roho. Zikifa mbili, hakuna hesabu ya kukuokoa. Nilipiga meza mpaka jirani akaja kuniuliza kulikoni.

Wiki hiyohiyo akaja binti wa Msambweni. Video ya harusi yake nilikuwa sijamaliza kuihariri, na mamake alifariki siku chache baada ya sherehe. Alitaka kumwona akicheza, basi.

Nikamweleza yote, na kosa la kaka sikulificha. Nilidhani atanitukana, wallahi ningeshukuru. Badala yake akasema, "Lakini wewe ulimwona, dada. Mie nilikuwa nimekaa nimeinamisha uso. Alichezaje?"

Nikafunga mlango. Nikajifunga leso kiunoni, nikacheza alivyocheza mamake, bega moja juu, kiganja mdomoni akificha kicheko. 

"Tena," akasema. Nikarudia.

Kisha akatoa simu yake, akaniomba ruhusa anirekodi.