Mfundishe Bibi: Changamoto Iliyowarudisha Wanafunzi wa Editha

Asubuhi hii, uani kwake Hombolo, Editha Chilongani amemkumbatia tetea kwa mkono mmoja, na kwa mwingine anahangaika na simu aliyoifunga kwenye ufito wa banda. "Tulia basi mama, tunarekodi!" anambembeleza kuku. Kuku hataki. Editha anaanza upya.

Ndiyo kazi yake. Ni mkufunzi wa kozi ya mtandaoni ya ufugaji wa kuku wa kienyeji, na wanafunzi wake wametapakaa kuanzia Kibaigwa hadi Chemba. Wengi hawajawahi kuonana naye ana kwa ana.

Mwaka jana nusura kazi hiyo imponyoke. Walianza wanafunzi arobaini. Baada ya miezi miwili, waliokuwa bado wanafungua masomo hawakufika kumi na watano. Kituo kilichomwajiri kikamwambia waziwazi: nusu yao wasipomaliza, darasa linafungwa.

"Nililia, sikufichi," anasema. "Unafundisha, unauliza swali, kimya. Ilikuwa kumpigia mbuzi gitaa."

Akaona vijana wanavyopenda changamoto za mitandaoni, naye akaanzisha yake: piga picha na jogoo wako, mwenye laiki nyingi ndiye mshindi. Lo! Ikavuma. Kundi la WhatsApp likajaa majogoo wa kila rangi. Masomo je? Hakuna aliyeyagusa. Na mshindi mwenyewe, Zablon wa Kibaigwa, ikaja kugundulika jogoo ni wa jirani. Yeye hakuwa na hata kifaranga.

"Tulicheka mpaka basi," anasema Editha, kisha anatikisa kichwa. "Lakini darasa lilikuwa linakufa huku tunacheka."

Mwingine angekata tamaa. Editha akabadili mchezo: kila wiki mwanafunzi amfundishe somo mzee mmoja wa nyumbani kwao, ajirekodi, kisha arushe video. Hakimu ni mzee mwenyewe. Akisema hajaelewa, unarudia. Akaiita Mfundishe Bibi.

Hapo ndipo alipoibuka Yasinta wa Chemba, aliyekuwa kimya tangu kozi ianze. Alimfundisha bibi yake, Bi Anastazia, namna ya kudondosha chanjo ya kideri kwenye jicho la kuku. Bibi akasikiliza hadi mwisho, akatoa hukumu: "Sijaelewa. Na wewe mwenyewe hujaelewa."

Video hiyo ikasambaa kuliko jogoo yeyote. Yasinta akaona aibu, akarudi kulisoma somo vizuri. Aliporudia mara ya tatu, bibi akampokonya kichupa, akamshika kuku, akadondosha tone, akageuka kuwaeleza majirani kwa Kisandawe.

"Sikuambulia hata neno," anasema Editha, machozi yakimlengalenga. "Lakini mkono niliuona. Haukukosea."

Wengine nao wakarejea mmoja mmoja, kila mtu akiogopa kuumbuliwa na bibi yake. Hata Zablon alinunua kuku. Wakamaliza ishirini na sita, darasa likapona. Hongera zake mwalimu!

Sasa Editha anataka kozi ijayo iandikishe watu wawili wawili, kijana pamoja na mzee wake. Wazo si lake, anakiri huku akicheka, na anabonyeza simu. Ni sauti ya Bi Anastazia, katika ujumbe aliotuma wiki moja baada ya kozi kwisha:

"Mwalimu, hujambo? Somo la wiki hii mbona halijaja? Sisi huku tumeshakaa."