Mikono Sitini ya Kushoto

Katika karakana ile ya kushona makoti, cherehani kumi na mbili zilinguruma tangu asubuhi hadi jioni, na jambo moja tu liliweza kuzinyamazisha: kukata. Mkataji alipokwisha kutandika kitambaa juu ya meza ndefu, tabaka juu ya tabaka, aligonga meza mara tatu kwa kiganja. Hapo washonaji wote waliondoa miguu kwenye pedali wakatulia, maana sakafu ilikuwa ya mbao, na mtetemeko mdogo tu ulitosha kupotosha kisu. Mwenye karakana aliirithi sheria hiyo kwa baba yake. Alikuwa mtu wa kupima kila kitu, hata sabuni ya kunawia, kwa hiyo wafanyakazi walimwita Bwana Rula, naye akajifanya hajui.

Mkataji alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, na jina lake pale lilikuwa Bi Mkasi. Alilipata zamani, kabla ya kisu cha umeme kuletwa. Miaka ishirini na miwili hakuwahi kuharibu hata kola moja, na mnajua jinsi mtu asiyekosea anavyokuwa. Hakutaka kusogelewa mezani, hakutaka kuulizwa, na aliyethubutu kumwambia atazame tena alitazamwa yeye mpaka akajutia ulimi wake.

Kilichomwangusha si kazi, ni usingizi. Mama yake mzazi aliugua mwaka mzima, na daktari alisema ageuzwe kitandani kila baada ya saa mbili asije akapata vidonda. Bi Mkasi alimgeuza mwaka mzima, bila kukosa. Mama alipofariki, wakazika, wageni wakarudi makwao, shuka zikafuliwa zikakunjwa. Lakini ile saa iliyokuwa kichwani mwake haikupewa habari za msiba. Kila baada ya saa mbili ilimwamsha kumgeuza mtu ambaye hayupo.

Shoga yake mmoja akamhurumia, akampa kidonge. Usiku ule alilala fofofo, akaamka akimshukuru Mungu. Nami simlaumu, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Shida ni kwamba kidonge kile kilikuwa na ndugu. Kimoja kikawa kimoja na nusu, kikawa viwili, na miaka mitatu ikakatika. Asubuhi kichwa kilikuwa kizito, kimejaa pamba, basi akakizindua kwa vikombe vitatu vya kahawa nyeusi. Jioni kahawa ilikataa kutoka, basi akaifukuza kwa vidonge. Ikawa kuamka ni kwa kununua na kulala ni kwa kununua.

Alinunua katika maduka matatu ya dawa, na kila duka lilikuwa na hadithi yake. La kwanza lilijua kwamba amefiwa. La pili lilijua kwamba anasafiri sana. La tatu, lililokuwa karibu na nyumbani, lilijua kwamba asiyelala ni mumewe. Mume mwenyewe alikuwa mpakaji wa rangi za nyumba, mtu ambaye usingizi ulikuwa ukimkuta kiatu kimoja bado kiko mguuni. Na kwa kuwa mke alikuwa fundi, alivificha vidonge kifundi: alishona vifuko vidogo vya siri ndani ya bitana za nguo zake, saba kwa jumla, mshono mwembamba ambao hata wewe ungeupapasa usingeuona.

Ndipo ikaja kazi ya bendi ya tarumbeta. Wapigaji walikuwa thelathini, wakitaka makoti mekundu ya sufu, na kitambaa cha rangi ile kilikuwa kimebaki cha kutosha makoti hayo tu. Sasa mkono wa koti una kulia na kushoto, na sufu ina uso na mgongo. Ukitaka mikono iende jozi, sharti utandike tabaka uso kwa uso, moja ikitazama juu na nyingine ikitazama chini. Hata mwanagenzi anajua hilo. Asubuhi ile Bi Mkasi alitandika tabaka sitini, zote zikitazama juu, akagonga meza mara tatu, cherehani zikanyamaza, akakata. Alikata vizuri sana, ukingo umenyooka kama uzi wa timazi. Bwana Rula aliinua mkono wa kwanza, akainua wa pili, akainua wa kumi, halafu akaanza kuizungushia mkononi mwake mmoja mmoja. Yote sitini ilikuwa ya kushoto.

Sufu iliyokatwa haiungiki. Bendi ikaenda kwa mafundi wengine. Washonaji walijaribu kutocheka, wakashindwa, na kwa wiki nzima mtu akiangusha sindano aliulizwa kama ameazima mkono kwa Bi Mkasi. Bwana Rula hakucheka. Alitundika mkono mmoja mwekundu kwenye msumari juu ya meza ya kukatia, akachukua kisu mwenyewe, na Bi Mkasi akapelekwa kwenye kona ya kushona vifungo.

Aliona aibu mpaka mifupani. Siku hiyo hiyo akavitupa vidonge vyote chooni, akapiga moyo konde, akasema basi. Kwa siku tatu alitetemeka, akatoka jasho la baridi, moyo ukamwenda mbio akiwa amekaa tu kitini. Siku ya nne alirudi dukani, akanunua na vya ziada. Huo ndio wakati aliojichukia kuliko wakati wowote, maana sasa alijua kwamba si yeye anayevimiliki.

Njia ya mwongo ni fupi, na yake iliishia kwenye plasta ya kidole. Mumewe alijikata kwa kopo la rangi, akaingia katika lile duka la tatu. Mwuza dawa akampa pole nyingi, akamwuliza kama siku hizi angalau anapata usingizi, maana mama watoto anahangaika sana kwa ajili yake. Mume alishukuru, akachukua plasta yake, akaenda nyumbani. Alimkuta mkewe akimenya viazi jikoni.

"Nimeambiwa leo kwamba silali," akasema.

Mkewe akaweka kisu chini, akalia kilio ambacho hakukilia hata msibani, na kati ya kwikwi akasimulia yote, maduka, hadithi, bitana.

Mumewe alisikiliza mpaka mwisho. "Mimi nalala, ndiyo maana sikuona. Hilo kosa langu," akasema. "Lako ni kunificha. Kesho twende wote kwa daktari. Si mimi ndiye mgonjwa?"

Bi Mkasi akacheka na machozi yake usoni.

Daktari wa zahanati alikuwa mwanamama mkavu asiyependa maneno mengi. Alimwambia kwamba kuacha ghafla ni hatari, na kwamba ile siku ya nne hakushindwa kwa udhaifu; mwili uliozoea magongo ukinyang'anywa kwa mkupuo lazima uanguke. Atapunguza kipande kidogo kila wiki mbili, atarudi kupimwa, na kukimzidi kitu asijitie ushujaa, aje. Kahawa mwisho saa sita mchana. Kuamka ni saa ile ile kila siku, awe amelala au hakulala.

Kupunguza kipande kidogo! Hapo tena akawa yuko katika fani yake. Alitandaza karatasi ya kukatia makoti, akachora ngazi kwa penseli, kila kidato wiki mbili. Akaweka kidonge juu ya kipande cha kioo, akavaa miwani, akakata kwa wembe vipande vinane ambavyo hata Bwana Rula angevipima asipate kasoro. Chupa alikabidhiwa mumewe, naye akaifungia ndani ya sanduku la brashi, kwa hiyo vidonge vikawa vinanuka tapentaini, jambo ambalo lilisaidia kuvichukia. Bandu bandu huisha gogo, na gogo hili lilichukua miezi tisa.

Siwezi kukudanganya kwamba ilikuwa miezi mitamu. Kulikuwa na vidato alivyokaa mwezi mzima bila kushuka. Kulikuwa na siku alizomgombeza mumewe kwa kosa la kukoroma, kana kwamba anamwibia fungu lake. Ile saa ya kichwani ilimwamsha, akaamka, akaketi sebuleni akikunja nguo mpaka macho yakalegea. Na ilikuwa pale sebuleni, akiwa na shuka moja ya mama yake mapajani, alipojiambia kwa sauti kwamba mama ameshageuzwa vya kutosha. Tangu hapo saa ile ikaanza kukosa majira.

Kule karakana, jirani yake wa kona alikuwa Mama Vifungo, mwanamke mnene mwenye maneno kuliko vifungo. Mficha uchi hazai. Siku moja Bi Mkasi akajikaza, akamnong'oneza siri yake yote. Mama Vifungo hakuacha hata kutunga uzi.

"Shoga, ulikuwa unatia sukari kwenye kopo la chaki ukidhani ni kikombe chako," akasema. "Tulikuwa tunakungoja utuambie."

Wakati huo Bwana Rula alikuwa akikata mwenyewe, na rula yake yote haikumsaidia. Kola zilitoka moja kubwa moja ndogo, na mteja mmoja alirudisha koti akiuliza lilikatiwa mtu gani. Kisha, baada ya miezi kumi, bendi ile ikarudi. Makoti ya mafundi wengine yalikuwa yamepasuka makwapani katikati ya gwaride. Walitaka mengine thelathini, ya buluu safari hii, na kitambaa kilikuwa cha kutosha makoti thelathini tu. Bwana Rula alikwenda kwenye kona ya vifungo, akasimama pale akipima meza kwa macho.

"Unalala?" akauliza.

"Siku nyingine nalala, siku nyingine silali," Bi Mkasi akamjibu. "Lakini naamka."

Bwana Rula akamwambia aje kukata Jumatatu, na akaongeza kwamba akiharibu hii, hata kwenye vifungo hatakuwa na nafasi.

Jumapili mchana Bi Mkasi alitoa koti lake jeusi kabatini, alinyooshe kwa pasi alivae kesho yake. Vile vifuko vya siri alikuwa amevifumua mbele ya mumewe, akihesabu kwa sauti, na vilitoka sita. Cha saba alikisahau, au alijisahaulisha. Kilikuwa ndani ya koti hilo, ambalo mara ya mwisho alilivaa kumzika mama yake. Pasi ilipita juu ya bitana, ikaruka kidogo. Ndani mlikuwa na vidonge vinne.

Zilikuwa zimepita wiki tatu tangu punje ya mwisho. Kesho ilikuwa na tabaka sitini za sufu. Alijua kabisa kwamba viwili tu vingempa usiku mzima, na alijua asubuhi yake ingekuwaje. Alisimama na vidonge kiganjani mpaka pasi ikaanza kutoa harufu ya kuunguza.

"Mume wangu," akaita, "njoo unifungue mkono. Mimi mwenyewe siwezi."

Alikuja mbio, mguu mmoja peku. Alifungua kidole kimoja kimoja, akavitia vidonge ndani ya bahasha ya kurudisha zahanati, kisha akachomoa pasi. Koti lilibaki na alama ya kahawia mgongoni. Bi Mkasi aliamua kulivaa hivyo hivyo.

Usiku huo hakupata lepe la usingizi mpaka karibu na kucha, naye hakufa. Saa kumi na mbili aliamka kama alivyofundishwa. Macho yaliwasha, lakini kichwa kilikuwa cheupe, hakina hata chembe ya pamba, na hilo ndilo alilokuwa amelikosa miaka mitatu na zaidi.

Alitandika polepole. Uso kwa uso, uso kwa uso, alisema kwa sauti kila tabaka, watu wakisikia. Alipomaliza alifanya jambo ambalo karakana ile haikuwahi kuliona: alimwita Mama Vifungo aje akague. Mama Vifungo alijifuta mikono, akainua kingo za tabaka moja baada ya nyingine, akazitazama zote sitini, akatikisa kichwa kukubali. Bi Mkasi akagonga meza mara tatu. Cherehani zikanyamaza. Kisu kikaingia.

Bwana Rula aliinua kipande cha juu akakizungushia mkononi kwa pini, akainua cha pili akakivaa vivyo hivyo. Alisimama katikati ya karakana amenyoosha mikono miwili ya buluu, wa kulia na wa kushoto. Mtu akaanza kupiga makofi, wakafuata wote, na Bwana Rula, mikono ile ikiwa bado imemvaa, akajaribu kupiga pia. Halafu akaenda kwenye msumari, akauondoa ule mkono mwekundu autupe. Bi Mkasi akamzuia, akauomba. Akaukunja, akauweka chini ya kwapa, akaenda kuketi juu ya marobota ya kitambaa apumzishe miguu, kazi ikaendelea.

Karibu na saa nane Mama Vifungo aliinua macho. Bi Mkasi alikuwa amelala chali juu ya marobota, mkono mwekundu chini ya kichwa kama mto, kinywa wazi, akikoroma na cherehani kumi na mbili zikinguruma. Mama Vifungo akamgusa Bwana Rula, mtu ambaye hakuwahi kumsamehe mfanyakazi hata dakika tano. Bwana Rula alitazama saa, akamtazama aliyelala. Kisha akanyoosha rula juu, na mshonaji mmoja mmoja akaondoa mguu kwenye pedali.

Karakana nzima ikatulia, mkoromo tu ukisikika. Na kimya hicho ndicho kilichomwamsha. Akaketi wima, akajifuta mate.

"Mbona kimya?" akauliza. "Nani anakata?"

"Hakuna anayekata," Bwana Rula akamjibu. "Ulikuwa umelala."

Bi Mkasi aliwatazama wote, akautazama mkono mwekundu mapajani mwake, akaelewa. Hakuna aliyempa kidonge; usingizi ule hakuununua.

"Basi shoneni," akasema, akajilaza tena.